Mafundi mnaong'oa boksi la eyaklina (kasha la filta ya hewa ya injini) na kuning'iniza filta nyuma ya bampa, mvua ya Mtwara hamuioni?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Kuna gereji hapa Mtwara mjini, jina naliacha, wenye gari za kunguruma mnaijua. Nilipeleka Mark X yangu kubadilisha oili na plagi, basi. Fundi akafungua boneti, akatikisa kichwa: "Bosi, gari kama hii unaiachaje na boksi la plastiki? Tukuwekee filta ya koni, ivute hewa baridi, utaisikia mwenyewe." Msimu wa korosho umelipa, kila kijana ana vijisenti, na wao wanajua hivyo.

Hoja ya hewa baridi siipingi. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 inakuwa nzito zaidi kwa asilimia 3 hivi, maana yake oksijeni zaidi kwenye silinda. Kuitoa filta kwenye joto la injini kuna mantiki. Swali ni unaipeleka wapi. Hawa jamaa wamekata plastiki la ndani ya madigadi, wakashusha bomba la alumini, filta ikaning'inia chini kabisa nyuma ya bampa, usawa wa taa ya ukungu. Ukichuchumaa unaiona. Nimeingiza mkono baadaye kupima: kati ya ncha ya filta na ukingo wa chini wa bampa, kiganja changu hakisimami wima. Na lile plastiki lililokuwa linazuia maji ya tairi halikurudishwa, eti "linabana bomba".

Hii ni Mtwara jamani. Mvua zetu msimu ni mmoja, Novemba mpaka Aprili hivi, na zikiamua zimeamua. Mei 2024 watu tulishaanza kuanika vitu, kimbunga Hidaya kikaja na barabara ya Dar ikakatika pale Somanga. Fundi anayekula ugali wa huku anafungaje filta chini ya goti bila kumwambia mteja neno moja kuhusu maji?

Sasa kilichotokea. Natoka Mikindani naelekea Mingoyo, mvua imenyesha tangu alfajiri, maji yamekatiza barabara. Si mafuriko, hayakufika hata katikati ya rimu. Mbele yangu ki-IST kimepita. Noah imepita imejaa watu. Mimi nimeingia polepole, lori la upande wa pili likasukuma wimbi, gari ikazima hapohapo. Haikukohoa, haikutetemeka. Imezima kama taa.

Nampigia fundi. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Hayo maji yameingia kwenye plagi tu bosi, piga stata, itawaka." Nimepiga. Ikagonga mara moja, tak, ikagoma.

Wakuu, hapo ndipo nilipouziwa kifo cha injini kwa simu. Kwa wasiojua: silinda inavuta hewa, pistoni inapanda, inaikandamiza. Hewa inakandamizika, maji hayakandamiziki. Injini ya gari yangu ni ya cc 2500 yenye silinda sita na mkandamizo wa 12 kwa 1. Pigeni hesabu, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni mililita 38 hivi. Hata kikombe cha kahawa ya kijiweni hakijai. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda, kinachopinda ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni kwa chini. Na ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda inavuta mara 25 kwa sekunde. Filta ikizama kwa kufumba na kufumbua tu, kazi imekwisha.

Gari ikizima kwenye maji, fundi mwenye akili anakwambia usiguse swichi. Livuteni mpaka pakavu, fungueni bomba la hewa mwangalie kama ndani kuna maji, toeni plagi zote, ndipo mpige stata ili maji yatoke kwa matundu ya plagi. Yanaruka kweli, kaa pembeni. Kisha angalia oili kwenye kijiti. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mwaga yote. Kwa bahati unaweza kuondoka na gari yako. Mimi nilinyimwa hiyo bahati na mtu aliyenichaji hela ya ufundi.

Nimevutwa na Canter mpaka mjini. Gereji nyingine wameifungua mbele yangu: konrodi moja imepinda, nyingine wanaitilia shaka. Nikarudi kwa mheshimiwa na picha kwenye simu. Unajua alichosema? "Hiyo ni ajali ya maji, haihusiani na kazi yangu. Halafu bosi, ungechukua na soksi."

SOKSI! Ile ya kitambaa inayovalishwa filta, anayo imetundikwa ukutani, siku anafunga hakuitaja. Na hata angenivalisha isingeniokoa. Ile ni ya matone, ukungu wa tairi na vumbi la barabara za Newala. Kitambaa kinakataa tone, hakikatai kuzamishwa huku injini inanyonya kwa nguvu zote. Anayekuuzia soksi kama kinga ya dimbwi anakupiga mchana kweupe. Na kuna mjuba mwingine pale gereji alinishauri nivalishe mfuko wa nailoni wakati wa mvua. Kwanza mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, pili gari itavuta nini, maombi?

Najua watakuja wa "kwa nini ulipita kwenye maji". Rudini juu msome, IST imepita. Boksi la kiwandani lina pua inayovuta hewa juu, limefunikwa, na mengi yana katundu chini ka kumwagia maji yanayopenya. Waliolichora walijua dunia ina mvua. Nyinyi mmeliita takataka kwa sababu halipigi kelele.

Ambao tayari mmefungiwa hizi koni, ingieni uvunguni leo mwangalie imekaa wapi. Ikiwa iko chini ya usawa wa taa kubwa, mwambieni akate bomba liwe fupi, filta ibaki juu ndani ya boneti, akunje bati aizungushie kuikinga na joto. Utapoteza ile asilimia yako, sawa, utabaki na injini. Plastiki la madigadi lirudi, hata kwa kukatwa upenyo wa bomba. AEM, kampuni ya filta za hewa, wametengeneza vali ya kuweka juu kwenye bomba, filta ikizama inafunguka na kuvuta hewa ya juu, ila si ya gari zenye tabo (turbo, kile kinachosukumia injini hewa), na huku kusini sijaiona dukani. Na wale wa Forester mnaodhani lile pua la boneti ndilo linavuta hewa ya injini: hapana, lile linapooza intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, msihangaike kuliziba kwa gundi ya karatasi.

Namtaka huyu fundi vitu viwili. Gharama ya konrodi na kazi ya kufungua injini agawane na mimi, maana stata niliipiga kwa amri yake, simu ipo na muda wake upo. Pili boksi langu. Nilipomuuliza liko wapi akajibu "lilishachukuliwa". Limechukuliwa na nani? Nani alimpa ruhusa? Kwa hiyo aliniambia ni plastiki lisilo na kazi, halafu akamuuzia mwingine!

Mwenye boksi kamili la Mark X ya 2500, lenye pua yake, mfuniko na klipu zote, awe Mtwara, Lindi au Masasi, aje PM na bei na picha. Lililokatwakatwa silitaki. Na kama umeuziwa moja na gereji ya hapa mjini siku za karibuni, likague upande wa chini: langu lina ufa mdogo karibu na katundu ka maji, limezibwa kwa silikoni nyeusi.