Idd ya ukoo: biriani ya watu 35, na bibi apumzike

BintTanga
Assalaam aleikum. Ukoo umefikia nyumba 5, watu 35 pamoja na watoto. Biriani ya Idd Mosi hupikwa kwa bibi, naye ndiye husimama jikoni usiku wa kuamkia. Sasa magoti hayamruhusu. Kuagiza kwa mpishi wa nje hatutaki, na kila nyumba ile kwake ndiyo hatutaki kabisa. Kazi tuigawe vipi, na vipimo vikoje? Na mwezi wenyewe hutangazwa usiku, nyama iko kwenye friza.

MpishiWaShughuli
Wa aleikum salaam dada. Watu 35: basmati kilo 5, nyama ya mifupa kilo 8, vitunguu maji kilo 4, nyanya kilo 3, viazi kilo 4, mtindi lita 2.

Vitunguu vikaangwe Ramadhani 27 au 28. Kata vyembamba, vyote unene mmoja, mafuta yawe mengi na yamoto, utie kidogo kidogo. Ukijaza karai vinatoa maji, vinachemka badala ya kukaangika. Viopoe vikiwa rangi ya dhahabu, maana huko nje vinaendelea kuiva; kitunguu kilichoungua huitia masala uchungu ambao ndimu haiuondoi. Vitandaze kwenye karatasi. Vikipoa na kuvunjika kwa mlio, vifunge kwenye kopo kavu.

Nyama itoke friza Ramadhani 28 usiku, iyeyukie kwenye friji. Kesho yake jioni itieni tangawizi, saumu, bizari nyembamba, iliki, mdalasini na mtindi, mwirudishe. Papai bichi lisubiri mwezi! Likilala na nyama halafu mwezi usionekane, mtakuta nyama imelegea, inachanika ukiigusa. Mwezi ukitangazwa ndipo mtie papai la kusaga, vijiko 2 vya chakula kwa kila kilo, ikae muda wa saa moja, mbandike. Usipoonekana, nyama ikae friji mpaka kesho jioni.

UmmSuhaila
Kugawa kazi, fuateni hili: masala husafiri, wali hausafiri. Nyumba mbili zipike masala kwao, kilo 4 za nyama kila moja, waje nayo sufuriani asubuhi na kuichemsha tena. Wali upikwe hapo hapo kwa bibi. Nyumba ya tatu ilete vileja na visheti, vinakaa wiki nzima bila kuharibika. Kaimati msimpe mtu wa mbali, zikifika zimeshanywea. Kachumbari ikatwe wakati watu wanatandika mikeka. Ikikatwa asubuhi inaogelea kwenye maji yake.

Angalieni na majira. Idd hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo sasa inatoka kwenye masika kuingia jua la kaskazi. Vyakula vya maziwa visikae nje kungojea wageni.

BabaMkubwa_Pemba
Naomba bibi asiondolewe jikoni. Mwekeeni kiti karibu na sufuria ya masala, yeye ndiye wa kuonja chumvi na kusema "epueni". Mjukuu mmoja akae naye na daftari, apime kila anachotia bibi kwa gao kabla hakijaingia sufuriani. Bila hivyo ladha ile itaondoka na mwenyewe.

Wenye wakwe nao: Tanzania Idd Mosi na Idd Pili zote ni mapumziko, basi mwaka huu Mosi kwa bibi na Pili ukweni, mwakani mgeuze. Ndugu walioko Muscat wapigiwe baada ya swala. Wako mbele kwa saa moja, na huenda Idd yao ikawa siku nyingine, ulizeni kwanza. Mkono wa Idd kubalianeni kiasi kimoja kwa watoto wote, na noti ndogo zitafutwe benki wiki moja kabla. Fitri kila mwenye nyumba aitoe kwa watu wake kabla ya swala, asidhani imetolewa kwa bibi.

BintTanga
Shukran sana, daftari tutaliweka. Kilo 5 za mchele sufuria moja inatosha?

MpishiWaShughuli
Tumieni mbili. Kwenye moja, wali wa chini unapondwa na uzito wa juu. Roweka nusu saa, chemsha kwenye maji mengi yenye chumvi, umwage maji punje ikiwa bado na kiini kigumu kidogo katikati. Tia samli na zafarani, funika, palia makaa juu, chini yabaki machache. Dakika 20.