Aina za gemu zinatofautianaje? Nafungua banda la PS (PlayStation) Igoma, naomba mwongozo

Fremu_Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata fremu Igoma, hapa Mwanza, ndani zinaingia meza nne. Nataka kuanza na PS4 Slim mbili na PS3 moja, TV za inchi 32, bei sh. 500 kwa mechi. Gemu za mpira nazijua, ila muuzaji amenipa orodha ndefu na pembeni ya kila jina kuna vifupisho: FPS, RPG, RTS na vingine. Naomba kueleweshwa kila aina inachezwaje, ipi inafaa bandani na ipi itanisumbua. Natanguliza shukrani.

Pedi_Nne:
Karibu mkuu. Usiamini picha ya kwenye kasha. Aina ya gemu inajulikana kwa kazi ya vidole na kwa kitu kinachomwangusha mchezaji. Bunduki utaikuta Call of Duty, utaikuta Resident Evil, utaikuta GTA, na hizo ni aina tatu. Call of Duty unakufa kwa kuchelewa kulenga. Resident Evil, ile ya tangu 1996, unakufa kwa sababu ulitapanya risasi na dawa mapema ukafika kwenye zimwi mikono mitupu. GTA mtu anaweza kukaa saa nzima bila kugusa misheni yoyote, anaendesha, anagombana na polisi, anazurura. Hiyo ya tatu ndiyo gemu ya dunia huria: ramani yote iko wazi na mchezaji anajipangia safari.

FPS ni gemu za risasi ambazo unaona kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, mikono na bunduki tu ndivyo vinaonekana. Doom ya 1993 ndiyo iliyozisambaza duniani. Analogi (kijiti cha kidole gumba kwenye pedi) ya kushoto inatembeza miguu, ya kulia inageuza macho. Mgeni hushindwa hapo hapo, anatazama dari huku anapigwa. Mpunguzie kasi ya kugeuka kwenye mipangilio kabla hajaanza, atatulia.

Gemu za ngumi ndizo nakusihi uzielewe vizuri, maana baada ya mpira ndizo zinazofaa bandani kuliko zote. Tekken kila kitufe ni kiungo cha mwili: mraba ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, eksi teke la kushoto, duara teke la kulia. Asiyejua kitu anaweza kubonyeza hovyo akashinda mara moja mbili, kwa hiyo hakimbii. Street Fighter inadai utaratibu zaidi: kutoa ule moto wa mikononi unapeleka chini, unakunja mshazari kuelekea kwa mpinzani, unamalizia mbele, kisha ngumi, vyote kwa mfululizo mmoja. Ukiruka hatua ya mshazari mara nyingi inatoka ngumi tupu, na vijana wataapa pedi ni mbovu. Mortal Kombat ina kitufe chake cha kuzuia. Tekken na Street Fighter unazuia kwa kurudi nyuma. Anayetoka gemu moja kwenda nyingine hupigwa sana mwanzoni kwa kosa hilo tu.

RPG ni gemu za kumkuza mhusika: anaanza dhaifu, anakusanya pointi, anapanda levo, ananunua silaha. Final Fantasy (1987) ni mfano wa zamani. Nyingi zinataka saa 40 na kuendelea, na maandishi ni mengi, asiyesoma Kiingereza anakwama kijiji cha kwanza.

RTS ni mkakati wa papo kwa papo, kama Age of Empires. Unachimba dhahabu, unakata miti, unajenga jeshi, na adui naye anajenga saa hiyo hiyo, hakusubiri. Kuna mkakati mwingine wa kupokezana zamu, kama Civilization. Aliyecheza bao anaujua huo tayari: unahesabu kete, unafikiri, unasogeza, unamwachia mwenzako. RTS inataka mausi na kompyuta, hivyo kwenye PS zipite tu.

Za kuruka majukwaa (Mario, Crash, Rayman) na za mafumbo kama Tetris zinajieleza zenyewe.

Mdau_Kirumba:
Pedi_Nne kaeleza uchezaji vizuri. Mimi naongeza upande wa mezani. Kila gemu iulize maswali mawili: raundi inaisha kwa dakika ngapi, na wanacheza wangapi kwenye TV moja?

Mpira: ukiweka dakika 4 kila kipindi, mechi ni dakika 8. Ongeza kuchagua timu, marudio ya magoli na kusimamisha kubadili wachezaji, inafika 11 au 12. Hapo unapata mechi tano kwa saa. Ukiweka dakika 6 kila kipindi unashuka chini ya mechi nne, na bei ni ile ile. Weka 4, na sare iishe sare.

Ngumi: Tekken 7 raundi ni sekunde 60, wa kwanza kushinda raundi tatu ndiye mshindi. Hata zikienda zote tano ni dakika 5 tu za kupigana, nyingi zinaisha kwa dakika mbili au tatu. Sh. 500 kwa pambano moja ni ghali kwa mteja, atalalamika. Toza 500 kwa mapambano matatu, au mshindi anabaki na anayeingia ndiye analipa.

Magari: hapa watu wengi wanaotoa orodha wanakosea. Need for Speed Most Wanted ya 2005 kwenye PS2 inagawa skrini, wawili wanashindana. Most Wanted ya 2012 kwenye PS3 haigawi, ni mtu mmoja. Jina moja, biashara mbili tofauti. Uliza kwanza kama skrini inagawanyika ndipo utoe hela. Gran Turismo ni ya kufuata gari halisi, usipokanyaga breki kabla ya kona unatoka nje ya barabara. Wanaoanza washie misaada ya breki na ya kuzuia tairi kuteleza.

Risasi: chagua zinazochezwa wawili kwenye TV moja. Call of Duty Black Ops III kwenye PS4 inaruhusu.

GTA na God of War ni za mtu mmoja na hazina mwisho wa karibu. Hizo usitoze kwa mechi, toza kwa dakika, saa iwe ukutani mteja aione.

Na wa PS3 ajue: kwa gemu za mpira, FIFA 19 ndiyo ya mwisho kutolewa kwa mashine hiyo, na PES ni 2018. Diski za PS3 hazisomi kwenye PS4 kabisa, usinunue ukidhani zitahamia.

Fremu_Igoma:
Asanteni sana, nimeanza kupata mwanga. Swali: aliyeniuzia TV alisema inaonyesha FPS 60. Hiyo FPS ndiyo ile ya risasi?

Pedi_Nne:
Hapana mkuu, herufi zimegongana tu. Ya TV ni idadi ya picha kwa sekunde. Picha 60 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa kama milisekunde 17.

Lakini swali lako linafungua jambo kubwa kwa gemu za ngumi. TV nyingi zinapokea picha, zinaipamba rangi, ndipo zinaionyesha. Zikichelewa milisekunde 100, hizo ni picha 6. Tekken ngumi ya haraka inatoka picha ya 10. Yaani mchezaji anaiona ngumi ikiwa imeshavuka nusu ya safari. Kwenye mpira hutalisikia sana, kwenye Tekken wazoefu watalijua dakika ya kwanza na watahamia banda la jirani. Ingia menyu ya TV, sehemu ya picha, chagua hali ya gemu, ambayo huandikwa Game. Rangi zitapoa kidogo, usijali. Kama TV haina hali hiyo, iweke meza ya mpira, na ile yenye nayo ndiyo iwe ya ngumi.

Malimbe_Usiku:
Mdau na Pedi, RPG na dunia huria msizitupe kirahisi hivyo. Ukiwa jirani na chuo, kama huku Malimbe, wapo wanaolipia saa mbili mfululizo asubuhi wakati meza za mpira ziko tupu. Kinachoharibu ni kusevu. Wateja watatu wakitumia jina moja la mtumiaji, mmoja anasevu juu ya mwenzake na kazi ya wiki inapotea, hapo ugomvi hauzuiliki. PS4 inaruhusu watumiaji hadi 16 kwenye mashine moja. Mfungulie kila mteja wa kudumu wa kwake, na muda wake ukikaribia kuisha mwonye dakika 10 kabla, kwa sababu gemu nyingine zinasevu sehemu maalumu tu.

Angalia na nafasi. Diski ya ndani ya mashine ya GB 500 inabakiza kama GB 400 za kutumia, na PS4 inaingiza gemu ndani hata kama CD unayo. Call of Duty za karibuni zinazidi GB 100 moja. Ukijaza mbili za namna hiyo, za wateja wengi zitakosa pa kukaa.

Zile za kushuka na parachuti abaki mmoja (PUBG watu 100, Free Fire 50) na zile za watano kwa watano kama Mobile Legends ziache kwenye simu za watu. Fortnite ipo PS4 na ni bure, ila bila intaneti haichezeki na masasisho yake yatakula bando lote. Seva nyingi ziko nje ya nchi. Ucheleweshaji ukipita milisekunde 200 unampiga adui mahali alipokuwa, si alipo. Ukiamua kuweka, tumia waya wa mtandao, usitegemee Wi-Fi.

Fundi_Pasiansi:
Mimi nazungumzia vifaa, kwa sababu kila aina ya gemu ina sehemu yake inayoua.

Mpira unaua analogi ya kushoto na R2 (kitufe cha nyuma upande wa kulia wa pedi), maana kukimbia kunashikiliwa muda wote. Springi ya R2 kwenye pedi ya PS4 inakatika, kitufe kinalala. Ni springi ndogo tu, weka akiba. Ngumi zinaua mishale na raba za ndani. Risasi zinaua analogi ya kulia, inaanza kujitembeza yenyewe hata hujaigusa, kwa kulika ndani au kwa vumbi. Dawa ya kusafishia viunganishi inasaidia ikiwa ni vumbi. Ikiwa imelika, badilisha analogi nzima, na hiyo ni kazi ya kuchomelea. Kwa hiyo pedi zipangie meza: iliyolegea analogi ya kulia bado inafaa mpira muda mrefu, iliyokufa mishale bado inafaa magari.

Joto: Igoma adui wako ni vumbi la barabarani. Walio Kirumba na Igombe wana na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wanafuata mwanga usiku na feni inawavuta ndani. Mashine isilale chini, iwe juu ya kimo cha goti, nyuma pabaki nafasi ya shibiri moja. Kila mwezi zima, chomoa waya, puliza matundu. Feni ishikilie kwa kijiti isizunguke wakati unapuliza, vinginevyo unaiumiza. Ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga, fungua, safisha, na paka upya grisi ya kupozea chipu.

Umeme: nunua UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650 kwa kila meza. PS4 Slim na TV ya inchi 32 pamoja hazifiki wati 200, utapata dakika chache za kusevu na kuzima. Radi za ziwani zikianza, chomoa kabisa kwenye soketi. Umeme ukikatika gemu ikiwa inasevu, faili linaweza kuharibika. PS4 ikigoma kuingia vizuri, izime, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 7 hadi usikie mlio wa pili, unganisha pedi kwa waya wa USB, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu. Namba 6 na 7 usiguse, zinafuta kila kitu.

Fremu_Igoma:
Fundi, Mungu akubariki. La mwisho: FIFA na PES niweke zote? Na watoto wa shule niwazuie zipi?

Mdau_Kirumba:
Weka zote, ila jua kinacholeta kelele. FIFA kupiga shuti ni duara na krosi ni mraba. PES ni kinyume, shuti ni mraba na krosi ni duara. Mtu wa PES akikaa kwenye FIFA anafika golini anapiga krosi. Suluhisho liko ndani ya FIFA yenyewe: mipangilio ya pedi, chagua Alternate, vitufe hivyo viwili vinabadilishana. Kila mchezaji anajiwekea upande wake kabla ya mpira kuanza, hamwathiri mwenzake. Mkishaanza asisimamishe mechi kubadili. PES nayo timu nyingi za Uingereza zina majina ya bandia, kwenye PES 2018 Chelsea utaikuta London FC. Kwenye PS4 unaingiza faili la majina na jezi kwa flashi. Kwenye PS4 za leo chukua PES 2021, ndiyo ya mwisho yenye jina hilo.

Watoto: geuza kasha uone namba ya PEGI, yaani umri wa chini unaofaa. Mpira ni 3. Tekken 7 ni 16. GTA V na Mortal Kombat X ni 18, hizo mtoto asiziguse na asikae anatazama pia, kwa hiyo meza ya gemu hizo iwe kona ya ndani na TV isielekee mlangoni. Wadogo wawekee Rayman Legends: wanacheza hadi wanne kwenye TV moja, na aliyekufa anageuka puto, mwenzake akilipiga anarudi. Pedi nne, meza moja, hawagombani zamu.