Melanoma unyayoni, hizi jeni ndo zinaamua mtu kuishi?

Kibokoni_Kwetu: Salaam jamani. Mjombangu ni mvuvi, alikuwa na doa jeusi unyayoni sote twadhani ni mwiba wa samaki ulivunjikia ndani, akawa alikwangua na wembe kila Ijumaa. Likaanza kutoa maji ndo akakubali kwenda, wakakata kinyama wakapeleka maabara, ni melanoma, kansa ya ngozi. Sasa daktari ataka uvimbe upimwe jeni, BRAF na KIT. Mkewe yuwalia eti ni ya ukoo, watoto nao washakwisha. Kweli? Na hizo jeni ndo zasema ataishi ama la?

JuaKali_Likoni: Kansa ya ngozi si ya wazungu na albino hiyo? Rudieni vipimo

Binti_Mtongwe: @JuaKali Bob Marley alikuwa nayo kwa kidole cha mguu, chini ya ukucha, akafa 1981 na miaka 36. Unyayo hauoni jua, sisi weusi melanoma yetu mara nyingi hukaa hukohuko, nyayoni, viganjani, chini ya kucha. Ndugu zetu albino wao jua huwaletea zaidi kansa za aina nyingine.
@Kibokoni pole sana. Mwambie mama asilie kwa hilo, jeni wanayopima imeharibikia ndani ya uvimbe wenyewe, hakuzaliwa nayo na watoto hawairithi. Za kurithi zipo, kama CDKN2A, lakini ni familia chache. BRAF iliyoharibika, melanoma za wazungu karibu nusu zinayo, za unyayoni ni chache zaidi, ndo maana wanaangalia na KIT. Akiwa na BRAF kuna vidonge vya kuizima, cha kwanza vemurafenib kiliruhusiwa Marekani 2011, hapo kabla ikishasambaa watu walikuwa wakienda kwa miezi tu. Kwa hivyo jeni yamwambia daktari ashike dawa gani. Ya kuishi kwanza tazama ile karatasi ya maabara, kuna unene kwa milimita, chini ya 1 mshukuru Mungu, ukipita 4 ni kazi. Na muulize kama mitoki ya kinena imeguswa

Kibokoni_Kwetu: Nimeipata, ilikuwa kwa mfuko wa nyavu imelowa nusu. Imeandikwa 3.2. Mitoki hawakuandika kitu, kesho feri ya kwanza nampeleka nikaulize hilo hilo. Wembe nimeshautupa