MADA: Haddock na chipsi kwa pauni 11.80, na ubao unaosema mafuta ya mimea

Kutoka: Mama Rukia, Midlands

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote; wakubwa zangu, shikamooni.

Ninaomba msaada wa wale waliowahi kufuatilia malalamiko kwa TS (Trading Standards, idara inayosimamia ukweli wa biashara) au kwa EHO (afisa wa afya ya mazingira) kuhusu duka la chipsi. Duka lililo karibu na shule ya wanangu hapa Uingereza huuza haddock (samaki mweupe wa baharini) na chipsi kwa pauni 11.80, na ubao wake wa bei unasema wazi kwamba kila kitu hukaangwa kwa mafuta ya mimea. Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye foleni mzigo ulipoletwa, nikaona maboksi yaliyoandikwa shahamu ya ng'ombe yakipitishwa mlango wa pembeni. Boksi moja lilifunguliwa papo hapo. Ndani mlikuwa na donge jeupe lililofungwa kwa karatasi, na kijana wa zamu alilikata kwa kisu akalitumbukiza katika tangi lile lile lililokuwa likikaangia samaki wetu. Nilipomwuliza, alinijibu kwamba maduka yote hufanya hivyo. Sisi tulilichagua duka hili kwa sababu ya ubao ule, na ng'ombe huyo hatujui alichinjwa vipi, kwa hiyo jambo hili limeniumiza kuliko hiyo bei.

Nimepiga simu CAB (shirika la ushauri kwa wananchi), wakanipa namba ya kumbukumbu na kuniahidi kwamba wataipeleka taarifa TS. EHO wa wilaya amejibu kwamba kazi yake ni usafi, na kwamba maandishi ya ubaoni yako chini ya kaunti. Kaunti imenijibu kwamba taarifa yangu imehifadhiwa, na kwamba huenda nisipate majibu yoyote. Je, ipo fomu inayomlazimisha afisa kuja kuchukua sampuli ya mafuta? Nitaje kifungu gani cha sheria? Na kwa kuwa nililipa kwa kadi, nidai fedha zangu kwa njia ipi?

Kutoka: Mwana wa Mwanza, Leicester

Pole sana, dada yangu. Fedha zako zidai benki kwa Section 75 (kifungu cha sheria ya mikopo ya wanunuzi), kwani wao ndio wenye nguvu ya kumbana mfanyabiashara. Siku nyingine, kabla ya kuingia dukani, tazama kibandiko cha FSA (wakala wa viwango vya chakula) mlangoni, na ukiona namba 5 ujue kwamba duka ni zuri.

Lakini niseme kweli, kinachonishangaza ni kwamba bado tunanunua chakula hiki kwa bei hii. Takwimu za ONS (ofisi ya taifa ya takwimu) zilionyesha kuwa bei ya wastani ya samaki na chipsi ilikuwa karibu pauni 6.50 mwezi Julai 2019, na ilipofika Julai 2024 ilikuwa inakaribia pauni 10. Katika kila pauni 10 unazotoa, pauni 2 zinakwenda VAT, na kinachobaki kinalipa samaki mwembamba aliyevikwa ganda nene. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tunamjua samaki. Tumeona minofu ya sangara ikipakiwa kwenye ndege kuja Ulaya huku mama zetu wakinunua mapanki (mabaki ya samaki yenye mifupa) ya kukaanga, na leo tuko huku huku Ulaya tukiuziwa samaki kwa bei ambayo familia ya watoto wanne haiwezi kuimudu kila wiki. Serikali inayotoza VAT kwenye chakula cha mfanyakazi haina huruma.

Kutoka: Mkaangaji, Leeds

Ndugu wa Leicester, naomba tusipotoshane, maana watu huyafanyia kazi yanayoandikwa hapa. VAT ya asilimia 20 huongezwa juu ya bei, kwa hiyo katika pauni 10 iliyomo ni pauni 1.67, si pauni 2. Duka ambalo mauzo yake hayafiki pauni 90,000 kwa mwaka halilazimiki hata kujisajili. Mzigo wa VAT kwetu unatoka kwingine: samaki mbichi, viazi, unga na mafuta havina VAT tunapovinunua, kwa hiyo mwenye duka hana cha kurudishiwa ila kidogo kwenye gesi, umeme na vifungashio, na karibu yote anayomtoza mteja anaipeleka HMRC (mamlaka ya kodi). Section 75 nayo ni ya kadi ya mkopo na bidhaa iliyozidi pauni 100, haihusiani na mlo wa jioni. Dada aiombe benki yake chargeback (kurudishiwa malipo ya kadi), ingawa kwa kiasi hiki wengi hurudishiwa na duka lenyewe wakiirejesha risiti kwa upole.

Kuhusu bei, mimi ninasimama nyuma ya kaunta na ninaona ankara. Cod (samaki mweupe mwingine wa baharini) na haddock tunaokaanga kwa sehemu kubwa ni wale wanaogandishwa baharini, ndani ya meli yenyewe, saa chache baada ya kuvuliwa kaskazini ya mbali. Kiwango cha kuvua cod katika Bahari ya Barents, ambacho Norwe na Urusi hukipanga pamoja, kilishushwa hadi tani 340,000 kwa mwaka 2025, nacho kilikuwa kidogo kuliko vyote tangu 1991 hadi wakati huo. Kabla ya hapo, mwaka 2022, Uingereza ilikuwa imeongeza ushuru wa asilimia 35 juu ya samaki weupe wa Urusi, na vita ya Ukraine ikapandisha mafuta ya alizeti hadi mafuta mengine yote yakafuata. Mwezi Aprili 2025 mshahara wa chini ukafika pauni 12.21 kwa saa, na mchango wa mwajiri wa NI (bima ya taifa) ukapanda hadi asilimia 15. Boksi la minofu ninalolifungua asubuhi limekuwa kitu cha kuhesabiwa kipande kwa kipande. Tajiri wangu ameacha kutoa samaki wa wakia nane kwa bei ya kawaida. Sasa ni wakia sita, na wateja wanalitambua jambo hilo kabla hawajafika mlangoni.

Kwa upande wa shahamu, hapa Yorkshire ndiyo kawaida, na hatuifichi: imeandikwa dirishani kwa herufi kubwa, kwa sababu wenyeji huitafuta. Chipsi zake hutoka kavu na zenye rangi ya dhahabu, wakati mafuta ya mimea yaliyochoka huziacha zimelowa. Kosa la duka la Mama Rukia ni kuandika kitu kimoja na kutumia kingine.

Kutoka: Mama Rukia, Midlands

Ahsante, kaka Mkaangaji, hilo ndilo ninalolisema. Sibishani na pauni 11.80 wala sikatai kwamba mafuta yamepanda. Ninachotaka kujua ni nani mwenye mamlaka ya kuja kupima mafuta yaliyomo katika lile tangi, na kwa karatasi gani. Dukani nilikwenda na risiti yangu, na mwenye duka akanirudishia fedha za samaki mmoja tu, akisema kwamba chipsi hazina kosa.

Kutoka: Mkazi wa Cardiff

Naingilia kwa jambo moja. Namba 5 mlangoni haisemi lolote kuhusu uzuri wa samaki, ukweli wa ubao, wala uhalali wa mafuta. Inahusu usafi, hali ya jengo na jinsi mwenye duka anavyosimamia usalama wa chakula. Tena, huku Wales kibandiko ni lazima kionyeshwe tangu 2013, na Ireland ya Kaskazini tangu 2016, lakini England mwenye duka anaweza kukiweka kabatini, na Scotland wana utaratibu wao mwingine kabisa. Kwa hiyo kumwambia dada atazame mlango ni kumrudisha nyuma.

Kifungu cha sheria anachokitafuta ni cha 15 cha Food Safety Act 1990, kinachokataza kuuza chakula kwa maelezo ya uongo. Kifungu cha 14 nacho kinamhusu muuzaji anayetoa chakula ambacho si kile alichoombwa.

Kutoka: Mzee wa Uvira, Hull

Wapendwa, nawasalimu kwa heshima.

Tulipoletwa katika mji huu tuliambiwa kwamba ni mji wa samaki, na mimi niliamini kwamba tungepata samaki wa bei nafuu kama pale Uvira mitumbwi inaporudi alfajiri na ndagala. Majirani wazee walinieleza kwamba meli za Hull zilikuwa zikienda Iceland, hadi Iceland ilipoifunga bahari yake kwa maili 200 na ubishi huo ukaisha mwaka 1976, na kwamba mitaa mizima ilipoteza kazi. Leo tunaishi kando ya bandari huku samaki wa dukani akitoka mbali. Ninawahurumia watu wale, kwa sababu ninajua maana ya kukatazwa maji ambayo baba yako aliyavua.

Juu ya ubora, hata hivyo, siwezi kuwaunga mkono wanaosema kwamba chakula hiki hakina thamani. Hapa Hull haddock hutolewa ngozi, ganda lake ni jembamba, na juu ya chipsi hunyunyizwa ile chumvi nyekundu yenye paprika ambayo sijaiona mahali pengine. Mtu asiyeweza kumudu samaki hununua pati ya viazi vilivyopondwa na majani ya kunukia, ikakaangwa katika unga ule ule, akaila na mkate, naye hushiba. Wajukuu wangu huomba mabaki ya ganda yaliyoelea katika mafuta, na duka la mtaa wetu huwapa bure. Nimeona duka la katikati ya mji likitoza zaidi kwa samaki aliyekuwa na maji ndani, ganda limeachana na nyama, chipsi laini kama zilizochemshwa. Bei kubwa haikunipa samaki bora. Mimi huangalia foleni: penye foleni, samaki haketi kwenye kabati la joto.

Kutoka: Mwana wa Mwanza, Leicester

Mzee wangu, shikamoo. Foleni pia ina udanganyifu, kwa sababu watu hupanga foleni penye bei ya chini. Ndugu wa Cardiff naye angesoma vizuri nilichoandika kabla ya kunishukia. Usafi ni sehemu ya ubora, na duka lisilosafisha matangi yake halitakuwa na samaki mzuri. Hapa Leicester yapo maduka ya chipsi ya halali, na kwa Mama Rukia huo ndio ufumbuzi: asafiri kidogo, anunue kwa watu wanaoelewa.

Kutoka: Binti wa Likoni, Glasgow

Kaka, mama mwenye watoto hawezi kuambiwa asafiri hadi mji mwingine kwa sababu duka la mtaani kwake limeandika uongo. Na neno halali dirishani halimalizi maswali. Ninayajua maduka ambayo hununua kuku wa halali, kisha hukaanga soseji za nguruwe na samaki katika tangi moja, na mengine huchanganya unga na bia. Yafaa kuuliza mambo matatu kwa mkupuo: mafuta ni ya nini, ni nini kingine kinachopita katika tangi hilo, na unga umekorogwa kwa nini. Siki yenyewe ya kaunta mara nyingi si siki, ni maji yaliyotiwa asidi ya asetiki na rangi, kwa hiyo hata anayeikwepa siki ya kimea ana njia.

Kuhusu kumtambua samaki, ikiwa duka lenu huacha ngozi, lifungueni ganda taratibu na mwitazame. Haddock ana mstari mweusi unaokwenda ubavuni. Mstari wa cod ni mweupe. Nyama ya cod huachana kwa vipande vipana vinavyong'aa, nayo ile ya pangasius wa Vietnam, ambaye baadhi ya wauzaji wamewahi kunaswa wakimuuza kwa jina la cod, huwa laini bila vipande. Mama yangu, aliyekuwa akinituma kivukoni kununua changu, alinifundisha kufunua shavu kabla ya kutoa pesa, na hapa shavu halipo. Samaki anafika kwetu hana kichwa, hana mkia, amevalishwa unga. Ndiyo maana maandishi ya ubaoni ni mazito kiasi hiki: mnunuzi hana kingine cha kutazama. Ningekuwa nyumbani ningeletewa samaki wa kupaka na ndimu, na nisingeuliza swali lolote.

Kutoka: Mkazi wa Cardiff

Yote hayo ni kweli, lakini bado hatujamwambia dada ni nani atakayechukua sampuli. Penye halmashauri moja, EHO na TS huwa chini ya paa moja na barua moja inatosha. Penye wilaya na kaunti, kama kwake, kila mmoja humtupia mwenzake. Je, yupo aliyewahi kufanikiwa katika kaunti?

Kutoka: Mkaangaji, Leeds

Sijui kaunti, ila ninajua maafisa wanapokuja huanza na ankara za ununuzi, kwa sababu shahamu haiwezi kuingia dukani bila karatasi. Mama Rukia akiandika tena, ataje siku na saa mzigo ulipofika, na jina lililokuwa ubavuni mwa gari, na aambatanishe picha ya ubao iliyopigwa kutoka barabarani. Apige picha hiyo mapema, kwa maana ubao hufutwa kwa kitambaa na mafuta hubadilishwa usiku. Na kwa wote: nunueni duka linapofunguliwa baada ya tangi kusafishwa, na mkatae kipande mlichokikuta kabatini, mwombe cha karaini, dakika saba tu, na ni haki ya mtu aliyetoa pauni 11.80.