Naomba ushauri: resi za ngalawa mtoni kwetu, kamati imegawanyika, zimebaki siku 11

Tope Jeusi:
Assalaam alaykum wakuu. Niko Pemba, upande wa machweo. Kijiji sikitaji, humu mna watu wa kwetu. Tuna mto wa maji chumvi ambao zamani mashua zilipanda mpaka chini ya mikarafuu kupakia magunia. Baadaye watu wakakata mikoko kwa boriti na kwa matanuri ya chokaa, udongo wa mabonde ya mpunga ukaporomoka, mto ukajaa tope hadi watoto wakacheza mpira ndani yake. Miaka miwili tumeufukua kwa majembe na makarai, na mikoko tumeipanda upya kingoni. Sasa tunauzindua kwa resi za ngalawa 14, kutoka mdomoni mpaka gatini na kurudi. Nusu ya kamati wanataka tusogeze mbele wiki moja. Miye naona tusisogeze, mgeni rasmi ameshakubali. Usingizi sipati. Mnanishauri nini?

Kijana wa Mbagala:
Zawadi nini? Nije na bajaji yangu nimeifunga tanga.

Nahodha Mstaafu:
Siku hiyo ni mwezi ngapi, kwa hesabu ya mwezi wa angani? Usinambie Jumamosi. Nambie mwezi ngapi.

Bibi wa Mlandege:
Umenikumbusha mbali mwanangu. Hapo Darajani, mjini Unguja, mnaponunulia mitumba palikuwa na maji. Bahari ikiingia ikazunguka nyuma ya mji wote, ndiyo maana huku kwetu pakaitwa Ng'ambo na pale pakaitwa Darajani, daraja lilikuwepo kweli. Waingereza wakafukia kidogo kidogo mpaka ikawa barabara. Bibi yangu alikuwa akisema "navuka" akienda sokoni, na huku maji hakuna, anavuka lami. Nyinyi mmefukua, sisi tulifukiwa. Hongereni sana.

Ustadhi Mpole:
Mimi nauliza kitu kimoja. Hapo gatini mtafunga maspika? Maana huanza resi, ikaja ngoma, kisha wake na waume wanabanana ukingoni mpaka magharibi. Baraka ya mto itoke wapi?

Nahodha Mstaafu:
Sijajibiwa.

Tope Jeusi:
Ustadhi, maspika ni ya hotuba tu. Bibi, ahsante sana. Nahodha, ni mwezi nane, mfunguo tano, yaani Safar.

Nahodha Mstaafu:
Mwezi NANE! Yakhe, hayo si maji mafu hayo? Mtoto wa skuli wa Pemba anajua: mwezi mosi, mwezi kumi na tano, hapo ndipo bamvua. Mwezi nane bahari imelala. Bamvua kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita 4, maji mafu ni mita moja na kitu tu. Wenzako wanaotaka wiki moja mbele wanataka mwezi kumi na tano. Hawajagawanyika hao, wana akili.

Tope Jeusi:
Nalijua hilo Nahodha, sikuzaliwa bara. Lakini tazama na saa. Maji mafu yanajaa saa nne asubuhi, ndiyo saa anayoweza mgeni rasmi. Bamvua linajaa saa kumi alasiri, naye mchana anataka kurudi Unguja. Na ngalawa haitaki kina kikubwa. Nimepima mwenyewe kwa upondo, katikati ya mfereji maji yananifika kifuani.

Nahodha Mstaafu:
Ulipima mwezi ngapi?

Tope Jeusi:
Kumi na sita.

Nahodha Mstaafu:
😂😂 Basi toa mita nzima. Kifuani kwa bamvua ni chini ya goti kwa maji mafu. Mtapwelewa mbele ya mgeni rasmi, mabaharia washuke wasukume, na yeye anapiga makofi akidhani ndiyo mchezo wenyewe.

Mama Chaza:
Mimi ni wa Unguja, sisi tunafuga chaza na kulima mwani. Nauliza: hayo makarai ya tope walibeba kina nani? Najua jibu. Kwetu tulipopanda mikoko wanaume walikuja siku ya picha. Tope la mkokoni linanuka yai bovu, linashika mguu mpaka unaacha kandambili humo humo, na ukifika nyumbani mume anakwambia usiingie ukumbini. Katika ngalawa 14, wanawake wamepewa ngapi?

Tope Jeusi:
Dada yangu, wanawake watapika.

Mama Chaza:
Nilijua.

Mpitanjia:
Mambo ya nani apige makasia baadaye. Majaketi yapo? Mimi nilikuwa ufukweni Nungwi Septemba 2011 ilipozama meli ya Spice Islander. Sitaki kusimulia. Hata mto wa magotini, mtoto akinaswa chini ya tanga dakika mbili zinatosha. Majaketi kwanza, mgeni rasmi baadaye.

Boriti:
Nimesoma toka juu. Kuna kitu mleta uzi anakizunguka. Tarehe ilichaguliwa na nani?

Tope Jeusi:
Kamati.

Boriti:
Nani katika kamati?

Tope Jeusi:
Miye ni katibu, niliandika barua ya mgeni rasmi. Tarehe ilikuwemo kwenye barua.

Boriti:
Una ngalawa mashindanoni?

Tope Jeusi:
Sina.

Boriti:
Nyumbani kwako?

Tope Jeusi:
Ya kijana wangu imo. Lakini hilo haliingii hapa.

Nahodha Mstaafu:
Linaingia, tena mpaka ngamani. Ngalawa yenyewe ikoje?

Tope Jeusi:
Mpya. Mwembe mmoja, imechongwa mwaka huu, nyembamba, haijanywa maji bado. Watu wawili wanaibeba mpaka pwani. Hizi nyingine ni za kuvulia, zina viraka vya bati na zimeshiba maji miaka kumi. Sasa kijana wangu ana kosa gani kwa kuwa na chombo chepesi? Na zawadi ya kwanza ni mashine ya farasi 15, si mchezo. Miye sikumpendelea mtu. Saa nne ni saa ya mgeni rasmi.

Boriti:
Kwa hiyo wote watakwama kwenye tope ila mmoja. Na mmoja huyo anakula kwako.

Ustadhi Mpole:
Kumbe maspika yalikuwa tatizo dogo.

Kijana wa Mbagala:
Wakuu mnapigwa chai. Mwezi wa jana huyu huyu alikuwa anauliza bei ya kiwanja Chanika na akasema ana watoto wadogo wawili. Leo ana kijana nahodha. Mto hauna jina, kijiji hakina jina. Hii stori imechongwa mwaka huu kama hiyo ngalawa.

Mpitanjia:
Hata mimi nilishaanza kuhisi.

Tope Jeusi:
Kiwanja nilimuulizia shemegi. Na huyu ni kijana wa mke wa mwanzo. Kwani lazima niwape cheti cha ndoa? Mto upo, njooni mtazame. Gatini kuna mchu mmoja mkubwa ambao hatukuukata, tumeupiga msumari tukatundika ubao wa majina na namba. Upo, yaani chombo cha kutolea maji kwenye ngalawa ya kijana, ni dumu la njano la lita 5, limekatwa mdomo. Mtu hatungi dumu.

Mama Chaza:
Dumu la njano liko kila ngalawa Afrika Mashariki baba.

Namba Sita:
Chai hii haina uongo, ina tope tu. Ubao wa kwenye mchu naujua, jina langu ni la sita kutoka juu. Nimelipa kiingilio 20,000. Ngalawa yangu ndiyo hiyo yenye viraka vya bati. Nilikuwa sijui kwa nini katibu anang'ang'ania mwezi nane, nikadhani ni adabu kwa mgeni.

Tope Jeusi:
Wewe nani?

Namba Sita:
Toka nje utaniona. Tuko kumi na tatu hapa barazani kwako, tumeshaswali Isha. Unajifanya umelala na taa ya simu tunaiona dirishani.