Defender ya bure, Malwarebytes ya kulipia au ESET: ipi inazuia RAT?

Kitasa: Wakuu, habarini. Nataka ulinzi dhidi ya RAT, vile virusi vya kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali. Nimebaki na antivairasi tatu hizo kwenye kichwa cha habari. Nalipia wiki hii. Nichukue ipi?

Nanga: Mkuu, umetaja dawa bila kutaja ugonjwa. Windows 10 au 11? Akaunti unayotumia ni ya msimamizi? Unatafuta kinga, au tayari kuna kitu humo ndani? Kama ni 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na antivairasi haizibi matundu ya mfumo wenyewe.

FundiWaya: ESET, lakini angalia kifurushi: NOD32 peke yake haina fayawoli, yaani kizuizi cha mawasiliano yanayoingia na kutoka. Chukua chenye fayawoli, uiweke kwenye hali ya kuuliza kila programu inapotaka kwenda intaneti. Fayawoli ya Windows, ilivyo kwa kawaida, huzuia wanaoingia tu, wanaotoka inawaachia. RAT nayo haisubiri kupigiwa, inapiga yenyewe kwa bwana wake.

Sitara: Hapo sikubaliani nawe, ndugu. RAT kama AsyncRAT na Remcos mara nyingi hupandikizwa ndani ya programu halali ya Microsoft kama RegAsm.exe. Swali likitokea, mtu anaona jina la Microsoft, anabofya "ruhusu", kwisha. Maswali ishirini kwa siku humfanya mtu aruhusu bila kusoma.

Mlango wenyewe huwa hivi. Barua pepe inakuja na zipu yenye nenosiri, na nenosiri limeandikwa humo humo kwenye barua, ili kichujio kisiweze kuifungua. Ndani kuna Ankara.pdf.exe yenye picha ya PDF. Windows huficha viambishi vya faili, kwa hiyo unaona Ankara.pdf tu. Ukiwa msimamizi ukabofya "Ndiyo", faili inaiambia Defender isiguse diski C nzima. Defender inabaki na alama ya kijani huku haikagui kitu! Kisha faili hiyo inajinakili kwenye folda ya AppData\Roaming kwa jina svchost.exe, jina la programu ya Windows yenyewe, wakati svchost ya kweli hukaa System32, na inapanga kazi ya kuiamsha kila baada ya dakika chache. Ukiifuta kwenye orodha ya programu zinazoanza na Windows, inarudi, kwa sababu kazi iliyopangwa hujaigusa.

Malwarebytes ya bure hukagua ukiiamuru tu, hailindi muda wote.

Kitasa: Samahani, ni Windows 11. Akaunti ni moja tu, ya msimamizi. Halafu jana taa ya kamera iliwaka yenyewe.

Nanga: Hilo ndilo ungeanza nalo! Usinunue kitu bado. Kata intaneti sasa hivi. Kwa kifaa kingine badilisha manenosiri, ukianza na barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako. Vidakuzi (faili za kivinjari zinazokumbuka kwamba umeshaingia) vikishaibiwa, mwizi hahitaji nenosiri wala namba ya uthibitisho. Kisha:
- Mipangilio, Faragha, Kamera: tazama programu ipi imeitumia mwisho na saa ngapi. Huenda ni ya mikutano tu.
- Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika: Get-MpPreference. Soma mstari wa ExclusionPath, yaani sehemu ambazo Defender imeambiwa isiguse. Ukikuta njia ambayo hukuiweka, umepata jibu.
- Ukaguzi wa Defender nje ya Windows. Mashine itajizima na kuwaka.
- Autoruns, programu ya Microsoft inayoorodhesha kila kinachojianzisha: tazama ukurasa wa kazi zilizopangwa.

Sitara: Ukikuta chochote, usisafishe. Futa diski usakinishe upya. Aliyekuwa na mamlaka ya msimamizi huwezi kujua ameacha nini.

FundiWaya: Kwa RAT ya kawaida kama njRAT hiyo ni kupita kiasi. Autoruns na ukaguzi wa nje vinatosha.

Sitara: Unajuaje ni hiyo peke yake? RAT ni ngazi, na aliyepanda nayo hushusha vingine.

Kitasa: Flashi ya GB 4 inatosha kusakinishia?

Nanga: Haitoshi, 8 kwenda juu, na itengenezwe kwenye mashine nyingine. Futa sehemu zote za diski. Rudisha picha na nyaraka tu, .exe hata moja usirudishe. Baadaye fungua akaunti ya pili isiyo ya msimamizi, ndiyo uitumie kila siku.

FundiWaya: Na AnyDesk, ile programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, mnasemaje? Hiyo antivairasi mara nyingi huipitisha, kwa sababu ni programu halali.

Kitasa: AnyDesk ninayo. Kuna mtu wa huduma kwa simu aliniambia niiweke mwezi uliopita.

Sitara: Mkuu, ulimpa nenosiri la kuingia bila kuuliza?