Shamba la bustani Luchelele limejaa rambo ardhini, nifanyeje?

Mkulima Luchelele
Wakuu, habari za jioni. Nimekodi nusu ekari huku Luchelele, Mwanza, karibu na ziwa, nilime chainizi, mchicha na nyanya. Aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anashusha taka za sokoni, anaziita mboji. Sasa kila jembe likizama linaibuka na rambo, vifuko vya barafu, nyuzi za sandarusi, hadi vile viroba vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 2017, na maandishi bado yanasomeka! Mvua ikinyesha, kuna kona maji yanatuama na miche inadumaa. Shemeji anasema nikusanye nichome humohumo, majivu ni mbolea. Jirani anasema nilete pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mkono, isage kila kitu. Nimsikilize nani? Au nimrudishie mwenyewe shamba lake?

Mama Mboga Igoma
Pole mdogo wangu. Usichome. Moshi ule ni sumu kwako na kwa majirani, na kinachobaki si majivu, ni mabonge meusi yanayogandia udongo.

Ng'wana Magu
Na pawatila usithubutu. Rambo zima unaliokota kwa mkono, ukishalisaga utaliokota na nini? Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Inakatikakatika tu mpaka vipande vya chini ya milimita 5, halafu vinazidi kupungua hata huvioni. Subiri udongo uwe na unyevu kidogo, ufukue kwa uma, uvute taratibu. Kama ni luseni, yaani udongo wa kichanga, kazi si kubwa. Sisi wa mbuga, udongo mweusi unaonata, ndio tungelia.

Kichwa Ngumu
Mnamtisha bure. Nyanya hainywi rambo, inakunywa maji na mbolea. Mimi nalima jirani na dampo, napiga yuria, navuna.

Bwana Shamba Mstaafu
Kichwa Ngumu, unavuna yuria yako, si udongo. Rambo lililolala ardhini linazuia maji kushuka na mizizi kupita: juu dimbwi, chini pakavu. Naona ndicho kinachodumaza ile miche, na mbolea haitaliondoa. Vile vipande vidogo navyo vinaliwa na minyoo. Watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lao mwaka 2016: minyoo waliowekewa majani yaliyochanganywa na plastiki nyingi walikua kidogo na kufa zaidi. Sasa minyoo wakipungua, nani atakutobolea udongo upate hewa? China wametandaza nailoni mashambani kwa miongo mingi kuzuia magugu, mabaki yakawasumbua mpaka mwaka 2017 wakaweka kiwango kipya: isiwe nyembamba kuliko milimita 0.01, ili izoleke bila kuchanika. Kwa hiyo toa yakiwa bado makubwa, ndugu yangu. Yakishakuwa unga hakuna wa kuyatoa.

Mvuvi Mwaloni
Msimwambie aache mvua isombe, maana inasombea kwetu. Kuna sangara na sato walionunuliwa hapahapa Mwanza, watafiti wakawapasua, matokeo yakatoka 2016. Kwa kila aina, mmoja kati ya watano alikutwa na plastiki tumboni. Panda matete upande wa ziwani yanase takataka.

Mkulima Luchelele
Nimewaelewa. Shemeji nitamjibu mwenyewe, ni mbishi yule. Nikishaokota napeleka wapi? Na samadi nichukue ya wapi?

Mama Mboga Igoma
Chupa wapo wanaozinunua kwa kilo. Rambo zenye udongo hawazitaki, jaza gunia ulipie gari la taka. Samadi yoyote, hata ya kwa mjomba wako, ichekeche kwenye wavu kabla haijaingia shambani. Sokoni kwetu rambo lilipigwa marufuku Juni 2019, ila zizini bado linapatikana.

Bwana Shamba Mstaafu
Kabla hujaanza, muite mwenye shamba aone. Unamsafishia mali yake, kwa hiyo kodi ya mwaka ujao izungumzike.

Mkulima Luchelele
Hilo sikuliwaza kabisa mzee wangu. Nampigia kesho, na naanza na ile kona inayotuama.